Asali ya Msituni, Ubani wa Baharini: Dawa za Hifdhi Pwani ya Kiunga

Kiunga ni mji mdogo wa wavuvi mwisho kabisa wa pwani ya Kenya upande wa kaskazini. Mbele yake kuna visiwa vidogo vya matumbawe, nyuma yake msitu wa Boni. Ukiendelea kaskazini unapita magofu ya Ishakani na makaburi yake ya kale, kisha unafika mpakani. Ng'ambo ni Ras Kiamboni, nchi ya Somalia. Wenyeji wake ni Wabajuni, mabaharia ambao lahaja yao ya Kitikuu imesikika tangu zamani kutoka visiwa vya Lamu hadi Kismayu.

Leo mtu wa Nairobi akiitazama ramani huona kwamba hapa ni pembezoni. Enzi za majahazi mambo yalikuwa vingine. Mji ulikaa penye njia panda: asali ilitoka kwa watu wa msituni, ubani ulishuka na kaskazi kutoka pembe ya Somalia, zafarani na zabibu zilivuka bahari kutoka nchi za Ghuba. Vitu hivi vinne vilikuwa na kazi nyingi majumbani, lakini kuna kazi moja iliyoviunganisha vyote, katika vitabu vya wanazuoni na katika midomo ya wazee wa pwani. Viliaminiwa kwamba huondoa usahaulifu na kumshikisha mwanafunzi masomo yake. Historia ya dawa za hifdhi, yaani za kuhifadhi masomo kichwani, katika pwani hii ni historia ya njia zilizozileta, na ya jinsi njia hizo zilivyokuja kukatwa moja baada ya nyingine.

Kazi iliyomkabili mtoto wa chuo, yaani madrasa ya Qur'ani, haikuwa ndogo. Qur'ani ina sura 114 na aya zaidi ya 6,200, imegawanywa katika juzuu 30, na lugha yake ni Kiarabu, ambacho Mbajuni hakuzaliwa nacho. Mtoto alianza na herufi, akaunganisha silabi, akaingia Juzuu Amma yenye sura fupi, kisha akapanda kidogo kidogo. Chombo chake cha kazi kilikuwa ubao. Wino ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti, kalamu ilichongwa kwa tete. Somo liliandikwa ubaoni, likasomwa kwa sauti pamoja na wenzake, likarudiwa mpaka likakaa, ndipo mtoto akasimama mbele ya mwalimu kulisoma bila kuangalia. Akiweza, ubao ulioshwa na somo jingine likaandikwa. Asipoweza, maandishi yalibaki palepale, naye akabaki nayo. Kila ubao uliooshwa ulikuwa ushahidi kwamba maneno yale sasa hayana pa kukaa ila kifuani mwa aliyeyasoma.

Kusini mwa Kiunga, kisiwani Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa wanazuoni na wanakili wake. Katika karne ya 18 na ya 19 misahafu iliandikwa huko kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na michache iliyosalia inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za kalamu katika Afrika Mashariki. Lakini msahafu wa mkono ulikuwa mali ya thamani, na si kila nyumba ya mvuvi iliweza kuwa nao. Aliyehifadhi alibeba msahafu mzima popote alipokwenda, hata chomboni, hata usiku. Heshima aliyopewa ilitokana na hilo, na wasiwasi wa mzazi ambaye mwanawe hashiki masomo ulitokana na hilohilo.

Ushauri juu ya wasiwasi huo ulikuwa umeandikwa zamani. Karibu mwaka 1200, mwanachuoni Burhan al-Din al-Zarnuji wa Asia ya Kati aliandika kitabu kifupi cha kumfunza mwanafunzi adabu za kusoma, Ta'lim al-Muta'allim, ambacho kilienea ulimwengu mzima wa Kiislamu na hadi sasa kinajulikana madrasani. Ndani yake kuna mlango unaohusu yanayoleta hifdhi na yanayoleta usahaulifu. Jambo la kwanza analolitaja ni bidii, kudumu kusoma, kupunguza chakula na kusali usiku. Baada ya hapo ndipo anapokuja kwenye vitu vya kutia mdomoni: kupiga mswaki, kunywa asali, kutafuna ubani pamoja na sukari, na kula zabibu nyekundu 21 kila siku kabla ya kula kitu kingine.

Orodha yake ya yanayosahaulisha inashangaza zaidi. Humo mna dhambi na huzuni za dunia, na pia mna dania mbichi, tofaa chachu, kupita katikati ya msafara wa ngamia, kutupa chawa hai chini, kupiga chuku kisogoni na kusoma maandishi ya makaburini. Mpishi wa Kiswahili anayekata dania juu ya mchuzi atacheka. Mtu wa Kiunga, anayeishi jirani na makaburi ya kale kila upande, labda atafikiri mara mbili.

Orodha hizo hazikubuniwa ovyo. Zilisimama juu ya tiba iliyotoka kwa Wayunani, ikaendelezwa na waganga wa Kiislamu, na ambayo pwani ya Waswahili bado inaizungumza kila siku inaposema kwamba chakula fulani ni cha joto na fulani ni cha baridi. Mwili una mchanganyiko wa asili nne, na afya ni mizani yao. Balghamu ni baridi na majimaji. Ikizidi, kichwa huwa kizito na kinachosomwa hakishiki. Zarnuji anaeleza wazi kwamba kila kinachopunguza balghamu huongeza hifdhi na kila kinachoizidisha huleta usahaulifu. Asali, ubani, zafarani na tangawizi vyote huhesabiwa vya joto. Mama aliyempa mwanawe asali ya moto alfajiri kabla ya chuo hakuwa akifuata uvumi. Alikuwa akifuata nadharia kamili, yenye vitabu na wataalamu wake, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kukifungua kitabu hata kimoja.

Asali ilikuwa ya kwanza kwa utukufu. Qur'ani yenyewe, katika sura ya Nahl, inasema kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Ibn Shihab al-Zuhri, mwanahadithi wa Madina aliyefariki mwaka 742, hunukuliwa akimhimiza mwenye kutaka kuhifadhi hadithi ashikamane na asali na zabibu. Zabibu zilipaswa kungoja jahazi. Asali haikuhitaji chombo.

Ilitoka kwa Waaweer, ambao majirani zao wamezoea kuwaita Waboni. Ni watu wa msituni, lugha yao ni ya Kikushi na iko karibu na Kisomali, na kwa vizazi vingi waliishi kwa kuwinda, kuokota matunda na kurina asali katika msitu ulio kati ya Kiunga, mto Tana na mpaka. Mangai, Milimani, Basuba, Mararani na Kiangwe ni vijiji vyao. Baina yao na watu wa pwani kulikuwa na biashara ya tangu na tangu: asali na mazao mengine ya msitu yalishuka ufuoni, nguo, chuma na nafaka zikapanda msituni.

Kazi ya kurina yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mrinaji huingia msituni akipiga mluzi. Akibahatika, ndege mdogo wa rangi ya kijivu humjia, hulia kwa sauti ya kukatakata, huruka hatua kadhaa, hutua tena na kumngojea. Mtu hufuata, ndege huongoza, mpaka wote wawili wafike kwenye mti wenye nyuki. Moshi hutiwa tunduni, nyuki hulegea, shoka hupanua mlango, mkono huingia na kutoka na masega. Ndege huachiwa nta na majana, kwa kuwa hicho ndicho alichokifuata. Mwaka 1989 watafiti H. A. Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na H.-U. Reyer walichapisha katika jarida la Science hesabu waliyoifanya kwa warinaji wa Kiborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika eneo wasilolizoea, warinaji walihitaji kwa wastani karibu saa 9 kupata mzinga mmoja wakiwa peke yao, na zaidi kidogo ya saa 3 wakiongozwa na ndege. Waaweer hawakungoja jarida liwaambie. Inafurahisha tu kuona kwamba kijiko kimoja cha dawa ya mwanafunzi kilihitaji mapatano ya viumbe watatu, yaani nyuki, ndege na mrinaji.

Ubani ulikuwa na safari ndefu zaidi. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja tayari pwani ya Somalia kuwa chimbuko la ubani, kabla hakijashuka kusini kueleza habari za Azania, ambayo ndiyo pwani yetu. Miti yake humea juu ya miamba mikavu ya kaskazini mwa Somalia, na jamaa yake humea Dhofari ya Omani. Gome huchanjwa, utomvu hutoka mweupe kama maziwa, hukauka kwa siku kadhaa, kisha hubanduliwa. Aina inayopendwa kwa kutafuna huitwa maidi, kwa jina la Maydh, bandari ya kale ya kaskazini mwa Somalia. Majahazi yalipokuja na pepo za kaskazi yakielekea Lamu, Mombasa na Unguja kutafuta boriti za mikoko na nafaka, ubani ulikuwa miongoni mwa bidhaa zao.

Pwani nzima hufukizwa kwa ubani: harusini, matangani, kwa mzazi aliyejifungua, katika maulidi. Kwa ajili ya akili, hata hivyo, hauchomwi. Punje chache zilizo safi huoshwa, hutiwa katika gilasi ya maji na kufunikwa usiku kucha. Asubuhi maji huwa yamegeuka rangi na kuwa kama tui jepesi, na punje zimelainika pembeni. Hunywewa kabla ya kula chochote. Ladha yake ni chungu kidogo, yenye harufu ya msonobari na limau, na hukaa kooni muda mrefu. Kutoka Maskati hadi Mombasa utaratibu ni uleule, na wengi huuendeleza hadi leo kwa ajili ya kifua, tumbo na kumbukumbu.

Zafarani ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Kila ua hutoa nyuzi tatu tu, na gramu moja ya zafarani kavu huhitaji maua kama 150, yaliyochumwa kwa mkono. Kwa sababu hiyo familia ya kawaida haikuila kama chakula cha kila siku. Kazi yake kubwa ilikuwa wino wa kombe.

Kombe hutengenezwa hivi. Nyuzi za zafarani hulowekwa katika marashi ya waridi mpaka maji yawe mekundu yenye kuelekea manjano. Sahani nyeupe ya kauri, iliyo safi, huwekwa mbele ya mwandishi, naye huandika aya kwa kalamu akizunguka ndani ya sahani hadi ijae. Maandishi yakikauka, maji humiminwa kidogo kidogo, herufi hulegea, huelea, huyeyuka, na kinachobaki ni maji ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya waridi. Mgonjwa huyanywa, mengine akajipaka. Mwanafunzi mzito wa kushika hunyweshwa yaliyoandikwa aya zinazotaja elimu na kukunjuliwa kifua. Desturi hii ina ndugu zake kote katika Afrika ya Kiislamu. Sudan, kwa mfano, maji ya kuoshea ubao wa chuo hunywewa kama dawa na huitwa mihaya. Mtaalamu wa anthropolojia Hanna Nieber, aliyelichunguza kombe Zanzibar katika miaka ya karibuni, alikuta likitengenezwa na kunywewa bila wasiwasi na watu ambao pia huenda hospitali.

Si wote wanaoliridhia. Wako wanaosema kwamba Qur'ani ilishuka isomwe na ifuatwe, haikushuka iandikwe sahanini na kunywewa. Wanaolitetea huwajibu kwa vitabu: Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Dameski wa karne ya 14 ambaye wapinzani wa bidaa humheshimu sana, ameeleza katika Zad al-Ma'ad kwamba baadhi ya watu wema wa zamani hawakuona ubaya wa kuandika aya, kuziosha na kumnywesha mgonjwa. Mjadala huo ni wa wanazuoni. Msomaji wa historia anaona jambo lingine, kwamba kombe ni ubao uleule wa chuo kwa sura nyingine. Maandishi yanaoshwa katika mbao zote mbili, na katika zote mbili yanatarajiwa kuingia ndani ya mtu.

Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani hii, walikuwa na hadithi ya kuwazuia wasitegemee dawa peke yake. Inasimuliwa kwamba Imamu Shafii alimlalamikia mwalimu wake Wakii kwa udhaifu wa hifdhi yake, na mwalimu hakumwandikia asali wala zabibu. Alimwambia aache maasi, kwa kuwa elimu ni nuru.

Tahadhari nyingine ilikuwa ya sumu. Waganga wa Baghdad na Qayrawan walijua tunda liitwalo baladhuri, linalotoka India, ambalo mafuta ya ganda lake yalisifiwa kupita kiasi kwa kunoa akili. Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, mganga wa karne ya 10, aliandika risala nzima juu ya usahaulifu na tiba yake. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na yeyote wa pwani aliyewahi kuchoma korosho na kurukiwa na utomvu wa ganda anajua jinsi unavyounguza ngozi. Mwanahistoria maarufu al-Baladhuri, aliyefariki mwaka 892, amepata jina lake kutokana na tunda hilo: husimuliwa kwamba alilinywa ili ahifadhi zaidi, akarukwa na akili. Wengine husema aliyelinywa alikuwa babu yake. Kwa vyovyote jina limebaki, na limebaki likiwaonya wanafunzi kwa karne kumi na moja.

Kulikuwa pia na vitu vya kufukuza usingizi. Kahawa ilianza safari yake ya dunia miongoni mwa Masufi wa Yemen katika karne ya 15, waliokuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri. Kahawa chungu yenye tangawizi inayouzwa mitaani Lamu ni mjukuu wa kahawa hiyo. Mirungi ilikuwa na heshima kama hiyo huko Harar. Mwingereza Richard Burton, aliyeingia mji huo Januari 1855, aliwakuta wanazuoni wakiitafuna huku vitabu viko mbele yao, wakiiona kuwa chakula cha wacha Mungu. Kwenye pwani ya Kenya mirungi imebadilika sura. Sasa ni biashara kubwa ya jioni, vijana wengi wanaitafuna bila kitabu chochote mbele yao, na mwaka 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kuipiga marufuku muguka, ndugu yake wa bei nafuu, jambo lililofikishwa mahakamani. Kukesha kunampa mtu saa za kusoma. Kushika alichokisoma kunategemea usingizi alioufukuza.

Njia zenyewe zilianza kukatika katika karne ya 20. Kwa muda mrefu Kiunga na Kismayu zilikuwa chini ya bendera moja, kwanza ya Sultani wa Zanzibar, kisha ya Waingereza. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na mpaka ukapita katikati ya Wabajuni. J. A. G. Elliott aliandika juu ya visiwa vyao wakati huohuo wa makabidhiano, na Mwitalia Vinigi Grottanelli akachapisha mwaka 1955 kitabu kizima juu ya wavuvi hawa wa Bahari ya Hindi. Mpaka wa karatasi haukuwazuia mabaharia. Vita viliwazuia.

Vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, vilihamisha vijiji vya Wabajuni wa bara. Watu walikimbilia Lamu, Mombasa na visiwani, na baadhi ya vijiji havikurudiwa tena. Waaweer nao walitolewa msituni wakakusanywa kandokando ya barabara. Mwaka 1976 misitu ya Boni na Dodori ikatangazwa hifadhi, mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, na mwaka 1979 bahari ya Kiunga ikawa hifadhi ya baharini. Mwaka 1982 Kenya ilizuia boriti za mikoko kusafirishwa nje, na majahazi ya Ghuba, ambayo tayari yalikuwa yamepungua, yakakosa sababu ya kuja Lamu. Kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kulileta wakimbizi wa Kibajuni kutoka visiwa vya ng'ambo. Kisha likaja kundi la Al-Shabaab. Mwaka 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia, uvuvi wa usiku ukazuiwa Lamu kwa miaka kadhaa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, na mwaka 2015 ikaanzishwa operesheni ya kijeshi msituni Boni. Mrinaji aliyeingia msituni bila hofu isipokuwa ya nyati sasa alikuwa anahofia bomu la kutegwa ardhini na kushukiwa na askari.

Mambo hayo yanahesabiwa kwa kawaida katika historia ya siasa na usalama. Ni haki yahesabiwe pia katika historia ya elimu. Kila moja lilipunguza kitu katika kikapu cha mama wa Kiunga.

Mahali pa vitu hivyo pamechukuliwa na duka la dawa. Lamu na Mombasa rafu zina chupa za mafuta ya samaki, vidonge vya ginkgo, mchanganyiko wa vitamini kwa ajili ya wanafunzi wa mitihani, na habasoda iliyofungwa katika vidonge. Mafuta ya samaki yana kejeli yake kwa Wabajuni, wavuvi mashuhuri wa papa, ambao kwa karne nyingi waliyachemsha maini ya papa kupata mafuta yaitwayo sifa na kuyapaka vyombo ili mbao zisiliwe na maji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafuta ya ini la chewa kutoka Norway yalipokatika, nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, ziligeukia ini la papa kwa ajili ya vitamini A. Chombo cha mvuvi kilikuwa kinapakwa dawa ambayo watoto wa Ulaya walikuwa wananyweshwa kwa kijiko.

Je, vinafanya kazi? Ushahidi ni mwembamba kuliko matangazo. Utafiti mkubwa wa ginkgo uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwafuata wazee 3,069 waliomeza miligramu 240 kwa siku au kidonge kisicho na dawa, na haukuona kinga yoyote dhidi ya ugonjwa wa kusahau. Watafiti wa Oxford walitangaza mwaka 2012 kwamba mafuta yenye omega-3 yaliwasaidia watoto waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma. Waliporudia jaribio hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2018, faida haikuonekana. Zafarani, kwa kushangaza, haikufanya vibaya: jaribio la Iran la mwaka 2010 kwa wagonjwa 46 wa Alzheimer, kwa wiki 16, lilionyesha nafuu fulani. Lakini 46 ni watu wachache, nao walikuwa wagonjwa wazee. Hakuna aliyekuwa mtoto mzima wa chuo.

Kilicho na uhakika zaidi ni kile ambacho mtu haoni kuwa dawa. Upungufu wa madini joto, yaani ayodini, humdumaza mtoto akili tangu tumboni, na ndiyo sababu Kenya iliamuru kitambo madini hayo yatiwe katika chumvi. Samaki wa baharini wanayo kwa wingi. Mwanafunzi wa Kiunga aliyekula changu na tasi kila siku alikuwa akipata kitu ambacho mwenzake wa milimani, kabla ya chumvi hiyo, alikikosa. Upungufu wa damu unaotokana na minyoo nao humchosha mtoto darasani. Jaribio la Busia lililoanza mwaka 1998, ambalo Edward Miguel na Michael Kremer walilichapisha mwaka 2004, lilionyesha kwamba dawa ya minyoo ilipunguza utoro shuleni kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2012 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa dawa hizo shuleni, na pwani imo.

Ubao nao umepata wakili wake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya wiki moja, waliosoma tu walikumbuka asilimia 40 ya kifungu, na waliojilazimisha kukumbuka walifika asilimia 61. Hiki ndicho alichokuwa akikifanya mtoto wa chuo aliposimamishwa mbele ya mwalimu, na tena jioni alipodurusu ya jana kabla ya kupewa ya kesho. Asali ilimpa nguvu ya alfajiri, ubani ulimpa utaratibu wa kuamka nao, kombe lilimpa imani kwamba anaweza. Kazi ya kushika ilifanywa na kudurusu. Zarnuji aliliweka jambo hilo la kwanza katika orodha yake, kabla ya zabibu.

Kwa hiyo kinachouma zaidi katika habari za sasa za eneo hili ni kukosekana kwa mahali pa kudurusu, kuliko kupungua kwa ubani au kupanda kwa bei ya asali. Baada ya mashambulizi ya 2014, shule za msingi za wadi ya Basuba, zile za vijiji vya Waaweer walioilisha pwani asali, zilifungwa. Walimu waliotoka nje ya eneo waliondoka, na kufunguliwa tena kwa shule hizo kumekuwa kwa kusuasua, kwa madarasa ya chini na chini ya ulinzi wa askari. Watoto waliotaka kuendelea ilibidi wasafirishwe hadi bweni, katika shule ya Mokowe Arid Zone, mwendo mrefu kutoka kwa wazazi wao na kutoka kwa msitu wenyewe.